Kipande cha skrini: kichague kabla ya kupiga picha, usikikate baadaye

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani katika SACCOS moja mkoani Morogoro. Nimepewa kazi ya kuandaa mwongozo wa makarani wapya: namna ya kumfungulia mwanachama akaunti, kuingiza rejesho la mkopo na kutoa taarifa ya akiba. Nabonyeza Print Screen, nabandika kwenye Word, kisha nakata pembeni mpaka kibaki kile ninachokitaka. Kazi inakwenda lakini inachosha. Kuna menyu zinazojifunga kabla sijazipiga picha, na nikituma kwa WhatsApp maandishi hayasomeki. Kuna njia ya kupiga kipande tu? Na majina ya wanachama niyafiche vipi? Kompyuta zetu ni za Windows 10, meneja anatumia Mac."

Marahaba, ndugu karani. Njia ipo, tena imo tayari ndani ya kompyuta yako, huna haja ya kupakua kitu. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Shift na herufi S. Skrini nzima itafifia, na juu katikati utatokea upau mdogo wenye alama. Ya kwanza ni ya mstatili, na kwa kawaida ndiyo inayokuwa imeshachaguliwa. Weka kipanya kwenye kona moja ya sehemu unayoitaka, shikilia, buruta hadi kona ya upande wa pili, achia. Hicho kipande, na hicho peke yake, kimenakiliwa. Nenda kwenye Word, bonyeza Ctrl na V, kimeingia. Ukighairi njiani, bonyeza Esc.

Alama nyingine kwenye upau huo ni za kuzungushia umbo huru kwa mkono, kuchukua dirisha moja na kuchukua skrini nzima. Umbo huru sioni faida yake kwenye mwongozo, maana kingo zinatoka zimepindapinda na jicho la msomaji linahangaika bure. Kuchukua dirisha moja kunafaa sana, na kuna njia ya mkato ya siku nyingi, Alt pamoja na Print Screen, inayochukua lile dirisha unalolifanyia kazi tu. Kwenye laptopu nyingi kitufe hicho kimebanwa pamoja na kingine, kwa hiyo huenda ukalazimika kushikilia na Fn.

Jina la Print Screen lilikuwa na maana yake. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981, ukibonyeza Shift na kitufe hicho maandishi yote yaliyokuwa kwenye skrini yalitoka kwenye printa. Printa imeachwa nyuma, lakini tabia ya kuchukua skrini nzima kwanza na kupunguza baadaye imebaki mikononi mwetu. Hiyo ndiyo tabia ninayotaka uiache, na si kwa sababu ya uchovu peke yake.

Umeandika kwamba unabandika skrini nzima kwenye Word kisha unakata pembeni. Word inapokata picha haitupi kilichokatwa, inakificha. Ni kama kukunja pindo la suruali: urefu umepungua machoni, lakini kitambaa chote kipo na mwenye kufumua anakipata. Fanya jaribio leo. Chukua nakala ya faili moja la mwongozo wako, badilisha mwisho wa jina lake kutoka .docx kuwa .zip, kisha lifungue. Mwisho wa jina usipoonekana, kwenye dirisha la mafaili nenda View uweke tiki kwenye "File name extensions". Ndani utaona folda iitwayo word, na ndani yake nyingine iitwayo media. Picha zako ziko humo, na zile ulizokata kwa mtindo huo utazikuta nzima: vichupo vya kivinjari, barua pepe iliyokuwa wazi pembeni, saa na tarehe chini kulia, na ile orodha ya wanachama na salio zao uliyodhani umeiondoa. Na si lazima mtu ajue habari za .zip. Yeyote uliyemtumia faili anaweza kubofya picha, akabonyeza Crop, na sehemu zote zilizofichwa zikajitokeza mbele yake.

Dawa yake Word inayo, ila imejificha. Bofya picha, nenda Picture Format, kisha Compress Pictures. Weka tiki kwenye "Delete cropped areas of pictures", ondoa tiki kwenye "Apply only to this picture" ili amri iziguse picha zote, kubali, halafu hifadhi. PowerPoint ni vivyo hivyo. Kwenye Google Docs nako picha iliyokatwa hurudi nzima kwa kubonyeza "Reset image", kwa hiyo kule usikate kabisa picha yenye taarifa za watu.

Nasisitiza kwa sababu ya kazi yako. Kwenye skrini ya karani wa SACCOS kuna jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, akiba, deni na siku za kuchelewa kulipa. Mtu akijua kwamba deni la jirani yake limelala miezi minne, hiyo habari hairudi tena ndani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taasisi inayokusanya taarifa za wanachama wake haiko nje ya sheria hiyo. Mwongozo wa mafunzo husambaa kuliko hati nyingine yoyote ya ofisi. Unatumwa matawini, unahifadhiwa kwenye simu, karani anahama nao anapokwenda kuajiriwa kwingine.

Hata programu zilizotengenezwa kwa kazi ya kukata picha ziliwahi kuwaangusha watumiaji. Machi 2023, watafiti wa usalama wa kompyuta Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kasoro kwenye programu ya kuhariri picha za skrini ya simu za Pixel za Google. Ulipokata picha na kuihifadhi, programu iliandika picha mpya ndogo mwanzoni mwa faili, lakini haikulifupisha faili lenyewe. Mkia wa picha ya zamani ulibaki nyuma ya mpya. Programu za kutazama picha husoma mpaka alama ya mwisho wa picha ya PNG, aina ya faili inayotumika kwa picha za skrini, na kusimama hapo, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Mwenye ujuzi, hata hivyo, aliweza kuufuata mkia ule na kurudisha sehemu kubwa ya kilichokatwa. Simu zilikuwa na kasoro hiyo kwa miaka kadhaa. Siku chache baadaye ikabainika kwamba Snipping Tool ya Windows 11 na Snip & Sketch ya Windows 10, ile inayofunguka unapobonyeza Windows, Shift na S, zilikuwa na ugonjwa huohuo mtu alipokata picha na kuihifadhi juu ya faili la awali. Kasoro ikaitwa aCropalypse, na Microsoft wakatoa marekebisho mwezi uleule. Fungua Microsoft Store kwenye kompyuta yako uhakikishe Snip & Sketch ni toleo 10.2008.3001.0 au jipya zaidi.

Sasa tazama ni nani hakuguswa na kasoro ile: aliyechagua kipande chake tangu mwanzo. Kompyuta yake haikuwahi kuandika sehemu nyingine kwenye faili, hivyo hapakuwa na mkia wa kufuata. Kilichopigwa kinaweza kuvuja hata kikikatwa. Kisichopigwa hakina pa kuvujia.

Kwa majina ya wanachama mantiki ni hiyohiyo, na jibu bora ni kutoyapiga picha kabisa. Muulize aliyewafungia mfumo kama kuna nakala ya mafunzo, mahali ambapo unaweza kuingiza miamala bila kugusa fedha halisi. Mifumo mingi ya akiba na mikopo huwa nayo, na mara nyingi hakuna aliyeuliza. Humo tengeneza mwanachama wa kubuni, mwite Mwanachama wa Mfano, mpe namba ya simu yenye sifuri tupu, mkopo wa shilingi 500,000 na marejesho mawili matatu. Utatumia siku nzima kumjenga huyo mtu, na baada ya hapo hutaficha kitu tena. Tena mwongozo utapendeza, kwa sababu mwanachama yuleyule ataonekana kuanzia ukurasa wa kufungua akaunti mpaka ule wa kumaliza mkopo, na karani mpya atamfuata kama anayesoma hadithi.

Ikishindikana, funika. Usitie ukungu wala usigeuze jina kuwa vijiraba, yaani miraba midogo ya rangi. Watu wengi hupenda ukungu kwa kuwa unaonekana wa kistaarabu, lakini haufuti herufi, unazichanganya tu kwa kanuni inayojulikana. Mwaka 2022 Dan Petro wa Bishop Fox, kampuni ya usalama wa kompyuta, alitoa programu iitwayo Unredacter kuthibitisha jambo hilo. Inakisia herufi, inazigeuza vijiraba kwa namna ileile, inalinganisha na picha, inasonga herufi inayofuata. Tarakimu ni rahisi hata kuliko majina, maana ziko kumi tu. Kalamu ya kuangazia nayo isikudanganye. Hata ukiipaka nyeusi mara tatu, rangi yake ni ya kupitisha mwanga, na mtu akiongeza mwangaza wa picha maandishi yanarudi. Na mstatili mweusi uliochorwa ndani ya Word juu ya picha ni kitu kinachohamishika. Msomaji anaubofya, anausogeza, jina hilo hapo.

Tumia Paint. Bandika kipande chako humo, chagua umbo la mstatili, weka ujazo wa rangi moja isiyopenya, funika, kisha hifadhi kama PNG. Paint inapohifadhi PNG, kifuniko na picha vinakuwa kitu kimoja, hakuna tabaka la kufunua. Jambo moja ambalo hata wazoefu hulisahau ni urefu wa vifuniko. Ukifunika kila jina kwa kipimo chake, urefu wa kifuniko unasema mengi, hasa kwenye tawi dogo lenye wanachama wanaofahamiana. Fanya vifuniko vyote viwe na urefu mmoja, vipite mwisho wa jina refu kuliko yote.

Tuje kwenye menyu zinazojifunga. Kwanza jaribu kuifungua menyu na kuiacha wazi, kisha ubonyeze Windows, Shift na S bila kugusa kipanya. Mara nyingi inatosha, kwa kuwa skrini inagandishwa kama ilivyo. Baadhi ya programu hufunga menyu mara tu zinapohisi kitufe kimebonyezwa, na hapo unahitaji kuchelewesha. Fungua Snip & Sketch yenyewe kutoka menyu ya Start, bofya kishale kilicho kando ya New, chagua sekunde 3 au 10. Ndani ya muda huo rudi kwenye mfumo wako, fungua menyu, iache wazi. Muda ukiisha skrini inaganda na menyu ikiwemo, nawe unachagua kipande chako kwa raha. Mimi huchukua sekunde 10 hata pale ninapojua 3 zinatosha, kwa sababu haraka ndiyo inayoharibu picha.

Kwa kuwa utapiga picha nyingi mfululizo, bonyeza Windows na V na ukubali kuwasha historia ya kunakili. Baada ya hapo kompyuta inakumbuka vitu 25 vya mwisho ulivyonakili, picha zikiwemo, na unaweza kupiga vipande vitano kwanza ndipo uende Word kuvibandika kimoja kimoja. Ukimaliza, futa historia hiyo, hasa kama kompyuta inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kipande kiwe kikubwa kiasi gani? Hapa nawaona waandishi wa miongozo wakikosea pande zote mbili. Kuna anayeweka skrini nzima na kitufe kinachozungumziwa kimepotea humo. Na kuna aliyezoea kukata ambaye anaweka kitufe peke yake, kimeelea, na karani mpya hajui akitafute juu au chini, kushoto au kulia. Acha alama ya kumwongoza: kona ya dirisha, jina la ukurasa, au safu ya menyu ambayo kitufe kimo. Kama hatua ni ngumu, weka picha mbili, pana ya kuonyesha mahali na ndogo ya kuonyesha jambo lenyewe. Na vipande vyako vyote viwe na upana unaokaribiana, la sivyo Word itavipanua vingine na kuvifinya vingine, na maandishi yatakuwa makubwa ukurasa huu na madogo ukurasa unaofuata.

Pia usiache picha ifanye kazi ya maneno. Mfumo ukitoa ujumbe wa kosa, weka picha yake, lakini uandike na ujumbe wenyewe kwa herufi chini yake, neno kwa neno. Karani atakapokutana na kosa hilo saa kumi jioni, foleni ikiwa mlangoni, atautafuta ndani ya faili kwa Ctrl na F, na utafutaji huo hausomi yaliyomo ndani ya picha.

Kuhusu maandishi yasiyosomeka kwenye WhatsApp, chanzo ni mgandamizo. Picha ya skrini huhifadhiwa kwa PNG, ambayo haipotezi nukta hata moja. WhatsApp ikiitambua kama picha huigeuza JPEG na kuipunguza. JPEG ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera, zenye rangi zinazobadilika polepole. Kingo kali za herufi nyeusi juu ya weupe huziwekea madoa na ukungu pembeni. Tuma kama hati: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, kisha faili lako. Litafika kama lilivyotoka. Lililo bora zaidi ni kutuma mwongozo mzima kama PDF kwa njia hiyohiyo.

Ukali wa maandishi unaweza kuuongeza hata kabla ya kupiga. Kama mfumo wenu unafunguka kwenye kivinjari, bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mara mbili tatu ili ukurasa ukue, halafu ndipo upige kipande. Hapo herufi zinachorwa upya kwa nukta nyingi zaidi, na ukizipunguza kwenye Word zinabaki safi. Kinyume chake, yaani kupiga kipande kidogo kisha kukivuta kikue, hakirudishi kitu. Kupiga picha skrini kwa kamera ya simu ndiko kubaya kuliko yote, kwa michirizi na mwako wa taa, na zaidi ya hapo taarifa za wanachama zinakuwa zimehamia kwenye simu ya mtu.

Kwa meneja mwenye Mac, njia ni Shift, Command na 4, kisha kuburuta. Akishikilia Control pamoja navyo, picha inanakiliwa badala ya kuwekwa kama faili kwenye meza ya kazi. Akiwa bado anaburuta, kitufe cha nafasi humwezesha kulihamisha lile fremu zima bila kubadilisha ukubwa wake. Wengi wana Mac miaka na hawalijui hilo. Akibonyeza kitufe cha nafasi kabla ya kuanza kuburuta, anachukua dirisha moja. Na tangu macOS Mojave ya mwaka 2018 kuna Shift, Command na 5, inayoleta upau wenye machaguo yote, pamoja na kuchelewesha kwa sekunde 5 au 10.

Windows 10 yenyewe imeacha kupewa msaada wa kawaida na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo huenda ofisi yenu ikahamia Windows 11 muda si mrefu. Vitufe ni vilevile, ila kuna tofauti inayokuhusu. Kule, kila kipande unachopiga kinaweza kuhifadhiwa chenyewe kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures, papo hapo, kabla hujafunika jina lolote. Ukimaliza kufunika na kuhifadhi nakala yako safi, ile isiyofunikwa bado iko kwenye folda, na kama Pictures imeunganishwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imeshapanda huko. Zima uhifadhi huo kwenye mipangilio ya Snipping Tool, au jiwekee utaratibu wa kuisafisha folda hiyo kila unapofunga kazi, pamoja na pipa la taka.

Imebaki miongozo uliyokwisha kuituma. Fungua kila faili la Word, fanya ile Compress Pictures, hifadhi, kisha rudia jaribio la .zip kuhakikisha kwamba picha zilizomo ndani ya media ni ndogo kweli. Halafu mweleze meneja waziwazi nini kilikuwa kimefichika na nani walitumiwa, ili agizo la kufuta nakala za zamani litoke kwake na liende matawi yote kwa siku moja. Anza na faili lenye ukurasa wa taarifa za mikopo, maana ndilo lenye majina mengi.